Mtoto Niliyemtangaza Kuwa Amepatikana

Vijana wangu, nyinyi ambao sasa mnashika kipaza sauti cha msikiti wetu hapa Kibokoni, mmeniomba niwaandikie niyajuayo kuhusu kazi hii kabla sijasahau. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba sijasahau. Miguu ndiyo iliyonisahau mimi. Ngazi nne tu za kile chumba cha kuadhinia zimenishinda, na sauti imekuwa kama bawaba isiyotiwa mafuta. Lakini kumbukumbu ziko, nyingine nazitaka, nyingine sizitaki, na zote nimeachiwa.

Kuadhini sina la kuwafundisha. Mmesoma, na herufi zenu zinatoka mahali pake kuliko zangu. Nitakayowaandikia ni ile kazi ya pili, ambayo hamkufundishwa chuoni: matangazo. Fulani amefariki, atazikwa wapi, baada ya swala gani. Funguo zimeokotwa. Maji yatakatika. Mtoto amepotea.

Kipaza sauti kisogezeni umbali wa vidole vinne kutoka mdomoni, wala msipige kelele. Mji wa Kale una kuta ndefu na vichochoro vyembamba. Sauti ikitoka hugonga ukuta ikarudi, na ukisema haraka, neno la pili hulikanyaga la kwanza. Semeni sentensi moja, hesabuni mpaka tatu, kisha semeni nyingine. Rudieni tangazo zima mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza watu wananyamazishana, mara ya pili ndiyo wanasikia, na mara ya tatu wanaandika.

Na kabla ya yote na baada ya yote, tazameni kitaa chekundu cha mashine kama kimezima. Asubuhi moja baada ya Alfajiri nilisahau kukizima, nikamwambia mwenzangu, "Huyu imamu wetu akiendelea na sura ndefu hivi, mbaazi zangu zitakuwa zikipoa kila siku." Kibokoni nzima ilisikia. Imamu alinipa mkono alipotoka, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sheikh Omari, mbaazi bado moto?" Kwa miezi kadhaa hakuna aliyenisalimu bila ya kuziulizia mbaazi.

Aliyenifundisha ni Mzee Shee, muadhini wa kabla yangu, mtu mfupi, mkali, ambaye hata akienda Marikiti kununua ndimu alivaa shati lililopigwa pasi. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mtu mmoja alinijia mbio akaniambia Mzee Abdalla wa vitambaa amefariki. Nikatangaza. Haikupita nusu saa, Mzee Abdalla akaingia msikitini na fimbo yake.

"Assalaamu alaykum," akasema. "Nimekuja kwenye maziko yangu."

Niliitikia salamu huku nikiitazama miguu yake.

"Nimekufa saa ngapi, Omari? Nauliza tu, nipate kujua kama chai niliyokunywa nimeinywa hai au maiti."

"Mzee Abdalla, nisamehe, niliambiwa."

"Mke wangu yuwalia mbele yangu. Namwambia, mama, mimi huyu hapa. Yuwanijibu, wamesema msikitini, na msikitini hawasemi urongo." Akanitazama. Mzaha wote ukamtoka usoni. "Umesikia? Mke wangu amesadiki hicho kipaza sauti chako kuliko macho yake."

Aliyefariki alikuwa Abdalla mwingine. Mzee Shee hakunigombeza mbele za watu. Alinikalisha kitako, akatoa daftari, akapiga mistari mitatu. Juu ya wa kwanza aliandika: Nani? Juu ya wa pili: Nani amekwambia? Juu ya wa tatu: Huyo aliyekwambia amemwona kwa macho yake, au naye ameambiwa? Akasema kuanzia siku hiyo msiba wowote hautatangazwa mpaka mistari mitatu ijae. Sisi tuliosoma tunajua wanavyuoni wa hadithi walivyowapima wasimulizi, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Tunajua pia kwamba Qur'ani imetuamrisha tuihakikishe habari inayotujia, tusije tukawadhuru watu bila kujua, kisha tukajuta kwa tuliyoyatenda. Daftari lile ndilo mnalotumia hata leo, ingawa sasa mnaliandika kwenye simu.

Lilikuwa daftari la misiba. Mliangalie vizuri. Halikuwa na ukurasa wa habari njema, na mimi sikuona kama unahitajika.

Nimechekesha kiasi. Sasa niandike lile lililonikalisha chini kuandika.

Huu ni mwaka wa ishirini na moja tangu Fahmi bin Athman apotee. Nyinyi mmekua mkisikia jina lake likisomwa hapa kila mwezi wa Shaabani, na nadhani kwenu limekuwa kama jina la mtaa. Alikuwa mtoto wa miaka sita, mwembamba, mwenye pengo la meno ya mbele, na kwenye mkono wa kushoto alikuwa na kovu aliloungua kwa dele la kahawa. Babake, Athman, alifanya kazi bandarini. Mamake, Bi Rukia, alikuwa akipika mahamri asubuhi na kuyauza mlangoni pake. Nyumba yao na chuo cha Qur'ani alichosomea Fahmi zilitengana kwa vichochoro vitatu. Mtu mzima angeweza kutoka hapa mpaka pale bila kumaliza kusoma Ayatul Kursiyyu mara tano.

Siku hiyo alitoka chuoni na wenzake kabla ya Alasiri. Kichochoro cha kwanza walikuwa wote. Cha pili wenzake walikata kushoto. Cha tatu alikipita peke yake, na hakuna mtu aliyejitokeza mpaka leo akasema alimwona humo.

Bi Rukia alikuja msikitini sisi tukitoka kuswali. Hakuwa akilia bado. "Ami Omari," akaniambia, "nitangazie Fahmi. Pengine yuko kwa watu yuwacheza, lakini moyo wangu haujatulia." Nikatangaza: kanzu nyeupe, kofia ya kijani, miaka sita, mwana wa Athman.

Nataka mjue watu wa mji huu walifanya nini, kwa sababu siku hizi husikia mkisema watu hawajali. Wanaume waliacha kahawa barazani ikipoa. Wanawake walifungua milango yao wenyewe wakasema, ingieni mtazame. Na bila ya mtu kuamrisha, vijana waligawana njia za kutokea. Kundi likasimama barabara ya Ngome, kundi njia ya kwenda Marikiti, kundi lango la bandari ya zamani. Kila gari lililotoka lilisimamishwa kwa adabu, likatazamwa ndani. Kila mtu mzima aliyeshika mtoto aliulizwa, na hakuna aliyekasirika. Nilipanda juu ya paa la msikiti nikawaona wamesimama. Nikasema moyoni, hapa hapiti hata paka.

Walisimama hivyo kama nusu saa. Kisha simu ya katibu wetu wa msikiti ikalia, naye akanipa mimi kwa kuwa alikuwa akizungumza na Athman. Aliyepiga ni Twaha, mwenye duka la vyombo kule Bondeni. Tulijuana, alikuwa mtu wa swala, mpole, mwenye kigugumizi kidogo.

"Sheikh Omari, kuna mtoto hapa dukani kwangu," akasema. "Kavaa kanzu nyeupe. Yuwalia, hataki kusema jina. Naona mtu aje amtazame."

Hayo ndiyo maneno yake. Nimeyabeba miaka ishirini na moja, hayajapungua wala kuzidi.

Mimi sikusubiri hata aage. Nilikata simu, nikamrudishia katibu, nikapanda ngazi zile nne kama kijana, nikafungua mashine, na nikasema hivi: "Alhamdulillahi! Mtoto Fahmi bin Athman amepatikana. Yuko Bondeni, dukani kwa Twaha, salama salimini. Mwenyezi Mungu awalipe kheri." Nikarudia mara tatu, nikihesabu mpaka tatu baina ya sentensi, kama nilivyofundishwa.

Mnaona nilivyofanya? Twaha alisema mtoto. Jina nililiweka mimi. Alisema mtu aje amtazame, na hilo sikulitamka kabisa. Kama ingekuwa habari ya kifo, mkono wangu ungelikwenda kwenye daftari wenyewe. Lakini ilikuwa habari njema, na hiyo niliipokea kama anavyopokea mtu glasi ya maji ana kiu.

Niliisikia furaha ya Kibokoni kwa masikio yangu. Vigelegele vilitoka dirisha moja vikaenda jingine. Vijana wakaziacha njia, wakarudi wakicheka, wengine wakaanza kutawadha mapema kwa ajili ya Magharibi. Bi Rukia alitoka mbio na buibui mkononi, bado hajalivaa, Athman na katibu nyuma yake, wanakwenda Bondeni kwa miguu kwa sababu gari lingekawia.

Yaliyotokea Bondeni alinisimulia katibu. Bi Rukia aliingia dukani akamwona mtoto amekaa juu ya sufuria kubwa iliyofudikizwa, amempa mgongo. Akamkumbatia kwa nyuma, akamgeuza. Alikuwa mtoto wa miaka minne au mitano, wa watu wa Tononoka, aliyepotezana na mamake wakinunua vitu. Katibu anasema Bi Rukia hakupiga ukelele. Alichukua ncha ya leso yake akampangusa makamasi yule mtoto, akasema, "Huyu naye ana mamake. Mtafuteni mamake." Kisha akamgeukia Twaha, akamtemea mate usoni, mbele ya wateja wake.

Twaha alijifuta kwa mkono wa kanzu. Alifungua mdomo, na kile kigugumizi chake kikamshika, na wale wakawa wameshatoka.

Simu ya pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa mfukoni mwa katibu, huko huko. Sisi Kibokoni tulikuwa tukishukuru mpaka waliporudi. Mwanga ulikuwa unakwenda, na njia zote zilikuwa wazi kwa muda wa karibu saa moja. Vijana walirudi kusimama, lakini walisimama kama watu wanaolinda nyumba iliyokwisha kuibiwa.

Polisi waliandika, wakauliza, wakatafuta. Wavuvi walitazama kila upenyo wa mwamba. Visima vilivyofunikwa tangu zama za mababu vilifunuliwa. Sitawaandikia siku hizo zote. Zilikuwa siku moja tu iliyorudiwa. Faili halijafungwa mpaka leo, na hakuna la kulifungia.

Baada ya wiki hivi Twaha alinijia msikitini. Alinisubiri nje mpaka watu wakatoka.

"Sheikh Omari, mimi nilisema jina la mtoto?"

Vijana wangu, nilikuwa na umri wa kutosha. Nilikuwa nimehifadhi juzuu kadhaa, na nilikuwa nikiwafundisha watoto wa watu maana ya ukweli. Nikamjibu, "Simu ilikuwa ikikatikakatika, Twaha."

Simu haikuwa imekatikakatika, naye alijua. Akasema, "Basi, sheikh," akaenda zake. Hakulizungumza tena. Watu walimwita mzushi, wakamwita mpenda sifa. Wanawake wa Mji wa Kale waliacha kununua vyombo kwake, na mama mmoja aliwahi kumrudishia birika alilolinunua zamani, akaliweka juu ya kaunta, akaondoka. Twaha akawa anakwenda kuswali msikiti mwingine. Nami nikijiambia, nitasema wiki ijayo. Nitasema Athman akipoa. Nitasema Ramadhani ikiisha.

Athman hakupoa. Aliacha kukaa barazani, kisha akaacha kuzungumza, na mwaka wa sita akafariki. Nilimwosha mimi. Nilimmiminia maji mkono wa kulia, nikajua kwamba nina haki yake shingoni na sasa hawezi tena kuipokea.

Mara tatu katika miaka ile niliitwa chumba cha maiti kutazama, kwa kuwa Bi Rukia hakuweza na mimi nilizoea kuosha. Mara mbili walikuwa watoto, mara moja kijana wa miaka kama kumi na saba. Niliinua shuka kwenye mkono wa kushoto kabla ya kutazama uso. Nikatoka nikamkuta Bi Rukia amekaa kwenye benchi, mikono magotini.

"Si yeye," nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha, mara ile ya tatu, akaniuliza, "Huyu naye ni wa nani?" Nikamwambia hajulikani. Akaomba ajulishwe siku ya kumzika, na alituma sanda.

Na kila Shaabani aliniletea karatasi. Umri mpya kila mwaka. "Sasa ana miaka kumi na mbili, pengine lile pengo limejaa meno makubwa." "Sasa ana kumi na tisa, babake katika umri huo alikuwa na ndevu." Nami nikapanda nikasoma. Kuna mwaka kamati mpya ilikaa, na mjumbe mmoja, kijana mwema, akasema, "Wazee wangu, si bora tumswalie ghaibu, mama huyu apumzike?" Maalim wetu akamjibu kwamba aliyepotea hahesabiwi maiti kwa kuchoka kwetu, ni mpaka yapatikane yakini au kadhi ahukumu. Yule kijana akasema, "Na mama mwenyewe anasemaje?" Tukatuma mtu kumuuliza. Bi Rukia alijibu, "Waambieni nikitaka kumzika mwanangu nitawaita. Kaburi nalijua linavyochimbwa."

Mwaka jana Twaha alifariki. Mwanawe alipiga simu, nami ndiye niliyekuwa kazini. Nikatoa daftari. Nani? Twaha. Nani amekwambia? Mwanawe. Amemwona kwa macho yake? Amemshika mkono akikata roho. Nikatangaza, sauti haikutetemeka. Miaka mingi ya kazi hukufundisha hata hilo, na si jambo la kujisifia.

Lakini nilikwenda kumswalia. Mnajua desturi yetu: kabla jeneza halijainuliwa, imamu huwageukia watu akauliza, "Mwamshuhudiaje maiti huyu?" na watu huitikia kwa sauti moja, "Mtu mwema!" Nimeisikia sauti hiyo kwa watu wema na kwa watu wa kawaida na kwa wachache ambao, Mungu atusamehe, tuliwashuhudia kwa heshima tu. Imamu akauliza. Safu ya mbele, jamaa zake, wakaitikia. Safu za nyuma, ambako walikuwa watu wa mtaa wetu, zikanung'unika. Karibu yangu mzee mmoja alitazama zulia wala hakusema kitu.

Mimi nilisema, "Mtu mwema," na sauti yangu peke yangu ilisikika. Watu wakageuka kunitazama. Nikajua kwamba nimemwacha mtu asiye na kosa aende kaburini na ushahidi nusu, kwa sababu yangu.

Kesho yake baada ya Adhuhuri nilikwenda kwa Bi Rukia. Mahamri hapiki tena, mikono inamuuma. Alinikaribisha uani, akaniletea maji ya ndimu, akakaa kwenye kiti kidogo. Nikamweleza yote: maneno ya Twaha, neno kwa neno. Jina nililoweka mimi. Jibu nililompa Twaha.

Kwa jirani redio ilikuwa ikisoma bei za mboga.

"Alisema mtu aje amtazame?"

"Naam."

"Hakusema Fahmi."

"Hakusema."

"Na vijana waliposikia wewe, ndipo walipoacha njia."

"Ndipo walipoacha."

Akaitazama mikono yake. "Ami Omari, miaka yote hii mimi najiliwaza kwa jambo moja. Nasema, aliyemchukua alikuwa ameshatoka naye zamani, kabla hata sijaja kwako. Kwa hivyo hapakuwa na la kufanywa. Hilo ndilo nalolalia. Leo umekuja kuniambia pengine alikuwa bado yuko ndani, nyumba ya tatu, yuwasikia jina lake likitajwa kwamba amepatikana."

Nilikuwa nimedhani nampelekea ukweli kama mtu anayerudisha amana. Kumbe nilikuwa nimemvunjia msingi aliokuwa amejengea. Msidhani, wanangu, kwamba kukiri ni zawadi. Kukiri ni wajibu, na ukiuchelewesha mzigo huwa mzito zaidi kwa yule unayemshushia.

"Na Twaha," akasema. Hapo ndipo alipolia. "Nilimtemea mate mtu anayenitafutia mwanangu. Jana kazikwa. Nikamwombe radhi wapi?" Akajifuta, akanitazama kwa jicho ambalo sijaliona kwake hata siku ile ya kwanza. "Ondoka. Alasiri inakaribia. Wakimaliza kuswali, shika hicho kipaza sauti na uwaambie. Useme polepole, kama unavyojua kusema."

Nilifanya hivyo. Wengine wenu mlikuwepo. Nilisema: "Mimi ni Omari. Siku aliyopotea Fahmi bin Athman, nilitangaza amepatikana. Marehemu Twaha hakusema jina. Alisema kuna mtoto, mtu aje amtazame. Jina nililisema mimi, kisha nikamwachia yeye lawama. Aliyemtukana au kumsengenya Twaha kwa ajili hiyo, amwombee maghufira. Aliye na hasira, hasira yake ni kwangu." Nikarudia mara tatu. Mara ya pili nilimsikia mtu barazani akisema, "La haula." Mara ya tatu nilipomaliza, nikakitazama kile kitaa chekundu, nikakizima.

Mmoja wenu aliniuliza niliposhuka, "Mzee, ilikuwa lazima kwa kipaza sauti?" Ndiyo, mwanangu. Urongo ulipita hapo. Siwezi kuufuata kwa kunong'ona.

Wiki ile niliwaachia nyinyi kazi. Mkasema ni miguu. Ni miguu, na ni hilo.

Basi andikeni ukurasa wa habari njema, na mistari iwe minne. Nani? Nani amekwambia? Amemwona kwa macho yake? Na wa nne: mamake amemshika? Mpaka mkono wa mama, au wa baba, au wa mtu aliyemuogesha mtoto huyo, uwe umemgusa, neno "amepatikana" lisitoke. Semeni, "Kuna mtoto mahali fulani, jamaa wakamtazame, na walioko njiani wabaki njiani." Alama moja ya mwili msiitangaze kamwe, wekeni akiba, mumwulize atakayesema anaye. Na jina la mtoto msilipaze mara ya kwanza, tajeni la baba, asije mtu mbaya akamwita mtoto kwa jina lake akamfuata.

Niliporudi kwa Bi Rukia kumwomba msamaha ilikuwa imepita miezi mitatu. Nilikuwa nikimwona njiani. Ananiitikia salamu kwa kuwa kuitikia ni faradhi, basi. Safari hii hakunikaribisha uani. Alisimama mlangoni, ameshika komeo.

"Rukia mwanangu," nikasema, "nimekuja kukuomba radhi. Sina udhuru."

"Najua ulichojia."

"Ukininyima, ni haki yako."

Alifikiri. Si kwa hasira. Alifikiri kama mtu anayetafuta hukumu ya sawa katika jambo alilolisoma.

"Kwa yale ya kwangu mimi, ya usingizi wangu na machozi yangu, nimekusamehe, Ami Omari. Mimi nami nina Twaha shingoni, nataka Mungu anisamehe. Lakini ile saa moja haikuwa yangu. Ilikuwa ya Fahmi. Haki ya mtu husamehe mwenyewe, wewe ndiye uliyetusomesha hivyo. Akija, nitamweleza, na nitakuwa upande wako. Mngoje."

Nikasema, "Naam." Akaingia ndani.

Mimi nina umri nilionao, na daktari ameniambia aliyoniambia. Nyinyi mnaposhuka msikitini huniona nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki karibu na mlango, nikiwatazama vijana wageni wa miaka ishirini na saba, wa ishirini na nane, wanaopita kuswali na kwenda zao. Mnadhani mzee anapunga upepo. Msinihamishie kivulini. Mumwombee Fahmi arudi, na mniombee mimi aje akanikute ningali naweza kusimama mbele yake.